Mashine Ilimwongezea Mtoto Mwezi Mmoja, Nami Nikanyamaza

Kwako Bi Mwanaesha,

Baada ya kukusalimu kwa heshima, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu mwanzoni huenda ukanionea huruma lakini mwishoni sijui utanionaje. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mkaazi wa Mji wa Kale, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Java, na watu wote humu nimewabadilisha majina.

Lugha hiyo nilifunzwa na Mwalimu Kutbuddin, ambaye sasa ana miaka sabini na minne na macho yake yameingia ukungu. Alikuwa muuza vyuma, akajifunza Java mwenyewe kutoka kwenye kitabu kimoja kinene, kisha akafungua darasa ghorofani kwake kwa ajili ya sisi wasichana ambao baba zetu hawakutaka twende mbali, tulikuwa sita na kompyuta tatu, tukisoma kila siku baada ya Alasiri. Kwenye Java kwanza unaandika umbo la kitu, yaani maelezo ya kilivyo na kinachoweza kufanya, halafu kutokana na umbo hilo unazalisha vitu vyenyewe. Mwalimu alikuwa akituambia, “Umbo la Mtoto ni moja tu, lakini kila mtoto anayeandikishwa ana jina lake na siku yake ya kuzaliwa. Msiwachanganye.” Ndipo akaandika programu ndogo ya kuhesabu umri wa watoto wachanga na kuonyesha kipimo cha dawa kwa umri huo, na kwa kuwa Java ina desturi ya watu kugawiana kazi zao bure mtandaoni, naye aliitoa bure, jina lake likiwa juu ya kila ukurasa. Kliniki moja ya binafsi mtaani Tudor ikaichukua, na mtu wa kuitunza nikawa mimi, kwa sababu mwalimu hawezi tena kusoma skrini.

Pale kliniki kuna muuguzi anaitwa Mejumaa, mama mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, wote humwita Sista. Siku yangu ya kwanza pale hakuna aliyekuwa na nafasi nami isipokuwa yeye, alinikalisha chini wakati wake wa chakula, akanieleza dawa moja baada ya nyingine na kwa nini ya mtoto wa miezi mitano si sawa na ya mtoto wa miezi sita, na kila akieleza alinisukumia sahani yake tule pamoja.

Sasa Bi Mwanaesha, Java ina namna mbili za kuhesabu tarehe. Ile ya kale huanza miezi kwa sifuri, Januari ni sifuri na Desemba ni kumi na moja, usiniulize kwa nini, ndivyo walivyoiunda, kwa hivyo mwalimu alikuwa ameandika mstari wa kutoa moja kwenye kila mwezi ambao muuguzi anauandika, na kwa njia hiyo hesabu ilikuwa sawa miaka yote. Namna mpya huhesabu kama binadamu, Januari ni moja. Mwezi wa Aprili mwaka huu niliihamisha programu kwenda namna mpya, nikabadilisha kila mahali, na ule mstari wa mwalimu wa kutoa moja ukabaki. Wiki ile ile wakanipigia simu kutoka kliniki kwamba watoto waliozaliwa Januari hawaingii, mashine inawakataa. Nikaangalia nikaona mwezi unatoka sifuri. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na kazi nyingine mbili za watu mezani, nikaweka kiraka kwamba mwezi ukiwa sifuri basi ihesabiwe Desemba ya mwaka uliotangulia, ikakubali, nikashukuru Mungu, kisha nikaliweka toleo hilo jipya mtandaoni ili kila mwenye kuitumia kazi ya mwalimu alichukue. Kuanzia siku hiyo kila mtoto kwenye mashine alikuwa mkubwa kwa mwezi mmoja kuliko alivyo.

Mwezi wa Agosti nilikwenda kliniki kutengeneza printa na Sista Mejumaa akaniambia, “Mwanangu, hii mashine yako inawakuza watoto. Mama anasema miwili, yenyewe inasema mitatu.” Nilicheka, nikamwambia mashine haikosei tarehe, kina mama ndio husahau. Akasema, “Haya, wewe ndiye uliyesoma.”

Tarehe ishirini na saba Novemba alikuja mama mmoja, nimwite Joy, na mtoto wake wa kiume aliyezaliwa tarehe kumi na nane Juni, ana mafua na hapumui vizuri. Kuna dawa ya maji ambayo mtoto akiwa chini ya miezi sita hupewa kidogo, na kuanzia miezi sita huongezwa maradufu. Mashine ikaonyesha miezi sita, Sista akaandika kwa mkono juu ya chupa kile kipimo kikubwa kilichokuwa kwenye skrini. Nyumbani mtoto alipewa dawa hiyo mara mbili, akalala, Joy akamwekea ziwa mdomoni hanyonyi, akamtikisa haamki, akatoka naye mbio mpaka barabarani akapata tuk-tuk ya kumpeleka hospitali. Alilazwa siku tatu. Yuko hai, amepona, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninaposujudu.

Kesho ya siku aliyolazwa, mchana, Daktari Zoher, mwenye kliniki, alinipigia simu. Akasema, “Hebu fungua programu uangalie, Sista anadai mashine ilimwambia miezi sita.” Nilifungua nikiwa nyumbani, nikaiona hitilafu kwa dakika tano. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Niliufuta ule mstari, nikakitoa kile kiraka, nikaipeleka programu iliyosahihishwa kwenye mashine ya kliniki, halafu nikampigia daktari nikamwambia, “Nimeangalia, inasoma miezi mitano.” Akafungua mwenyewe akaona mitano. Sista Mejumaa akaonekana mwongo.

Amesimamishwa kazi. Wiki iliyopita waliniita mbele ya kamati yao ya watu watatu, naye amekaa upande wa pili wa meza, hana sare, amevaa baibui lake, wakaniuliza kama aliwahi kunilalamikia kuhusu umri wa watoto. Niliwaambia, “Sikumbuki.” Hakunibishia. Alinitazama tu, kisha akainamisha uso. Ijumaa hii watakata shauri, na wakimfukuza watalipeleka jina lake kwa baraza linalosimamia wauguzi.

Nataka kusema kweli lakini kila nikikaribia ninamfikiria mwalimu. Jumamosi sisi wanafunzi wake wa zamani tumemwandalia hafla ya kumshukuru, mabinti kumi na tisa aliowafunza tumechanga, wengine wanatoka mbali, na hiyo programu yake ndiyo itakayoonyeshwa ukutani. Jina lake ndilo lililo juu. Watu watasema Kutbuddin karibu aue mtoto. Ni mzee, haoni, hana kitu kingine anachojivunia, na vituo vingine vinavyotumia kazi yake vimemwandikia, kimoja kutoka Kwale, kingine Tanga, barua zao anaomba asomewe mara kwa mara. Je, nimfichie mwalimu aibu au nimwokoe Sista? Nikimtafutia Sista kazi kwingine kimyakimya, na hitilafu imeshaondoka, si itakuwa nimelipa? Naomba unielekeze.

Niliyesema Sikumbuki,
Mji wa Kale

*

Bi Mwanaesha anajibu:

Mwanangu, nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Imenifikia Jumanne na gazeti linatoka Jumapili, kwa hivyo jibu hili nimekupelekea leo hii kwa ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Wasomaji watalisoma baadaye ukiruhusu.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nimempigia Kenga, kijana wa jirani yangu anayefanya kazi kama yako, nikamsomea kile kipande cha tarehe bila kumtajia mtu. Amesema Januari kuwa sifuri imewaangusha wengi, na kusahau mstari mmoja ni kosa ambalo yeye mwenyewe amelifanya. Basi kwa hilo sikugombezi. Ulikosea kama wanavyokosea watu wanaofanya kazi, na hofu uliyoipata ulipojua mtoto amelazwa naielewa, ningeipata hata mimi.

Kisha nikamuuliza, je, kile kiraka? Akasema, “Pale, Bi Mwanaesha, mashine ilikuwa inamwambia kitu, naye akaifunga mdomo.” Na mimi naongeza kwamba hukuifunga mdomo mashine peke yake. Mejumaa alikuambia Agosti kwa lugha nyepesi ambayo hata mimi naielewa. Miaka yote hiyo ya kuwashika watoto, akaona kitu hakilingani, akakueleza, nawe ukamcheka. Tangu siku hiyo aliacha kuwasikiliza kina mama akaisikiliza skrini yako, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma. Unaona ilikotoka hiyo miezi sita aliyoiandika juu ya chupa?

Sasa nikuulize kuhusu mwalimu. Nimehesabu, umemtaja mara nyingi kuliko unavyomtaja Joy, na mtoto wa Joy hukumpa hata jina la kubuni. Mstari wa mwalimu ulikuwa sawa miaka yote, umesema wewe mwenyewe. Aliyeihamisha programu na kuusahau mstari huo ni wewe, aliyeweka kiraka ni wewe, aliyefuta ushahidi ni wewe, aliyesema “sikumbuki” ni wewe. Mzee wa watu ameingiaje? Umemweka mbele yako kama pazia, naye kwa vile haoni hajui kwamba umejificha nyuma yake. Acha kuiita hiyo heshima.

Na yale maneno uliyomwambia daktari, kwamba inasoma miezi mitano, najua unajifariji kwamba yalikuwa kweli. Ulikuwa umeyafanya yawe kweli muda mfupi kabla. Mtu akisema kweli kwa nia ya kudanganya amedanganya.

Kuna jambo moja kwenye barua yako lililonitisha kuliko yote, nawe umelipita kama halipo. Umesema umesahihisha mashine ya kliniki. Hukusema popote kwamba umesahihisha lile toleo lililo mtandaoni. Kwale na Tanga wanatumia lipi? Nakuandikia Jumanne adhuhuri, na huenda sasa hivi kuna muuguzi mwingine anaandika juu ya chupa. Hili halingoji kamati wala hafla. Ukimaliza kusoma hapa, kabla hujala, toa toleo lililosahihishwa na uandike juu yake kwa maneno ya wazi kwamba lile la Aprili linawaongezea watoto mwezi mmoja, lisitumike kwa dawa, na kila mtoto aliyepimwa nalo aangaliwe upya. Waandikie wale walioandika barua. Wapigie simu kama una namba zao. Weka jina lako chini, lako.

Kenga ananiambia kwamba nyinyi watu wa programu huwa na kumbukumbu ya kila mabadiliko, nani aliyebadilisha, siku gani na saa ngapi, na haifutiki kirahisi. Itoe yote kwenye karatasi, ya Aprili na ya Novemba. Lakini usianze na daktari. Anza kwa Mejumaa, nenda kwake leo, wewe mwenyewe, si kwa simu wala kwa kumtuma mtu. Usimpelekee zawadi. Usimweleze kuhusu macho ya mwalimu. Mwambie ulichofanya kwa mpangilio, pamoja na lile neno la mbele ya kamati, halafu nyamaza ili aseme yeye. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Akikusamehe usikimbilie kufurahi, bado kuna Joy, naye ana haki ya kujua kilichomlaza mwanawe, na kukushtaki akitaka.

Kesho asubuhi uwe kwa Daktari Zoher na karatasi zako, na umwombe aiite kamati. Huenda ukapoteza kazi hiyo. Pengine watu wataogopa kukupa nyingine kwa muda. Sitakuficha hilo, na sitakuambia halitauma. Lakini kumtafutia Mejumaa kazi kwingine kimyakimya, mwanangu, ni kumlipa mtu kwa jina lake ulilolichafua huku ukiliacha chafu. Hakuna kituo kitakachompokea muuguzi aliyefukuzwa kwa kumlewesha mtoto dawa.

Mwalimu mwambie wa mwisho, lakini kabla ya Jumamosi, na umsomee mstari kwa mstari kwa sababu hawezi kusoma mwenyewe. Usimwonee huruma kiasi cha kumdanganya. Mtu aliyejifunza jambo gumu peke yake kutoka kwenye kitabu kinene si yai.

Funga barua hii, anza na ya mtandaoni.

*

Majuma sita baadaye alituma barua hii, na ruhusa ya kuzichapisha zote:

Bi Mwanaesha, nilifanya ulivyosema, ila nilikula kwanza kipande cha mkate kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Ilipofika Alasiri toleo lilikuwa limetoka na onyo juu yake, na nilikuwa nimewapigia watu wa Kwale na kuwaandikia wale wa Tanga. Kisha nikachukua tuk-tuk mpaka kwa Sista Mejumaa.

Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amevaa miwani, na tangu nimjue sijawahi kumwona na miwani. Nilianza kusema nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu niliogopa nikikaa sitasema. Nilimweleza ya Aprili, ya Agosti, ya ile siku ya simu, na ya kamati. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliivua miwani, akaishika mkononi.

“Kwa hivyo ilikuwa sita,” akasema.

“Ilikuwa sita, Bi Mejumaa.”

“Niliona sita.”

“Uliona sita.”

Akakaa kwenye kiti. Akaniambia kwamba siku Daktari Zoher alipomwonyesha skrini inasema mitano, alirudi nyumbani akawa anajiuliza kama akili zake zimeanza kuharibika, au macho. Mama yake mzazi alianza kusahau akiwa na umri kama wake. Alikwenda akapimwa macho, akanunua miwani ambayo aliyempima alimwambia haihitaji sana. Usiku wa kuamkia kamati aliwaambia wanawe kwamba pengine ni kweli alimdhuru yule mtoto. “Ulipokuja kusema hukumbuki,” akasema, “nikajua basi, hata hayo ya Agosti niliyaota.” Hakunifokea. Bi Mwanaesha, ningependa angenifokea. Alisema, “Sasa nenda. Kesho nitakuja mwenyewe kwa daktari, ukayaseme tena nikisikia.”

Nikayasema. Daktari Zoher alizisoma zile karatasi mara mbili, akauliza, “Saa nane na dakika kumi ulibadilisha, saa nane na nusu ukanipigia?” Nikasema ndiyo. Alinifukuza hapo hapo, na sina la kumlaumu. Lakini alisimama, akamwomba Sista radhi mbele ya wafanyakazi wote, na Jumatatu Sista akarudi kazini na mshahara wake wa siku zote alizokaa nyumbani. Joy aliitwa. Alinisikiliza akiwa amempakata mtoto, ambaye sasa nimempa jina la kubuni, Jared, akauliza maswali mawili tu, kama dawa imeacha madhara na kama kuna watoto wengine. La kwanza daktari alimjibu kwamba hakuna. La pili nilimwambia bado sijui. Akasema, “Ukijua uniambie,” akaondoka. Mpaka leo hajanishtaki wala hajasema hatanishtaki.

Kwa mwalimu nilikwenda Alhamisi. Nilimsomea mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye kutoa moja akasema, “Hiyo yangu.” Nilipofika kwenye kiraka akasema, “Hiyo si yangu.” Nikasema, “Ni yangu, Mwalimu.” Alipapasa ukingo wa meza. Kisha akaniuliza kama kwenye lile umbo la kwanza alikuwa ameandika popote maelezo kwa nini anatoa moja. Nikatazama. Hakuwa ameandika. “Basi na mimi nina langu,” akasema. “Nilidhani atakayekuja atajua.” Nilimwambia nitaliondoa jina lake ili asiguswe. Akakasirika, mara ya kwanza kumwona amekasirika tangu nina miaka kumi na saba. “Uliondoe liende wapi? Vituo hivyo vilichukua kazi kwa sababu waliona kuna mtu wa kumuuliza. Liache. Lako liandike chini yake, na kosa lako uliandike, na wewe ndiye uwe wa kuulizwa.” Jumamosi hafla ilifanyika, na kabla ya chakula aliwasimulia mabinti wote kumi na tisa kisa chote, yeye mwenyewe, bila kuficha jina langu. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Wawili hawanisalimii tangu siku hiyo. Wanne wamejitolea kunisaidia kuipitia kazi yote ya mwalimu upya, kila mmoja akikagua ya mwenzake.

Majuma matatu baadaye Sista alinitumia ujumbe niende kliniki, nje ya saa zangu kwa kuwa sina tena saa zangu pale. Alitaka kitu kimoja kibadilishwe na Daktari Zoher alikuwa amekubali. Kipimo kisionekane kwenye skrini mpaka muuguzi amuulize mama umri wa mtoto na kuuandika mwenyewe, na mama na mashine wasipokubaliana, dawa isitoke mpaka daktari aitwe. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikaandika hapo hapo, yeye akisimama nyuma yangu, hakunisukumia sahani wala kuniita mwanangu. Aliijaribu mara tano. Miwani hakuwa nayo.

Nilikuwa nimemchapishia Sista barua kutoka kwa mtu wa Kwale, Bwana Kitsao, msimamizi wa kituo kimoja huko. Ameandika kwamba walipopata simu yangu ile Jumanne walipitia majina yote, wakawakuta watoto wawili waliokuwa wameandikiwa kipimo kikubwa siku ile ile asubuhi. Walituma mtu na pikipiki. Mmoja alikuwa bado hajapewa, wa pili alikuwa amepewa mara moja tu. Wote wawili wazima. Nakala ya barua hiyo nimeshampelekea Joy.

Sista aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa sare yake, akafungua mlango wa chumba cha kusubiri.

“Mama mwenye kanga ya kijani, karibu,” akasema. “Mtoto ana miezi mingapi?”